Wavu wa Goli Ulitoka Kitandani kwa Dada

Tusi lolote mtakalonipa, nimeshajipa mwenyewe. Mi ndiye niliyeiba chandarua cha dada yangu akiwa mjamzito. Nikakifanya wavu wa goli!

Mnaonijua hapa mtaani Bwiza mnaujua mdomo wangu. Hata mwalimu wa hesabu nimewahi kumchekesha. Laiti ningekuwa bubu mwaka huu!

Dada alikuwa amerudi kwetu kujifungulia, maana mumewe ni dereva wa lori, haonekani. Kliniki walimpa chandarua kipya, wakamwambia akianike kwanza kivulini siku nzima, dawa isimwashe. Akashona uzi mwekundu pembeni, kisichanganyike na vya wengine. Kisha akanituma: "Mudogo wangu, kaanike nyuma ya nyumba."

Nikakianika, ndiyo. Kwenye milingoti ya goli!

Tulikuwa na fainali na vijana wa Buyenzi. Rafiki yangu Shabani, kapiteni wetu, alikuwa amenibembeleza: "Leta, ndugu. Goli bila wavu ni mulango wa choo bila pazia. Wallahi, jioni narudisha." Rafiki wa tangu madrasa! Nikamwamini.

Jioni akaniambia kimechanika vipande vipande, amekitupa. "Usilie kama mutoto, ni neti tu."

Nyumbani nikavaa uso wa huzuni.

"Dada, chandarua wameiba!"

"Nani?"

"Wezi wa Bwiza. Hao hata kivuli chako wanaiba. Hebu angalia kama bado unacho!"

Akacheka mpaka akashika tumbo. Aliona haya kurudi kliniki kuomba kingine, akawa anajifunika kanga tu. Asubuhi akijikuna, nami namwambia: "Mbu wamejua hapa kuna sahani mbili." Akacheka tena. Mungu wangu!

Malaria ikampata mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto akatoka kabla ya wakati, mdogo mno, hana hata nguvu ya kulia. Kwetu mtoto anapewa jina siku ya saba. Hakuifikia.

Shabani alikuja msibani, akanikumbatia, akala wali wetu. Akasahau kofia yake. Kesho yake nikampelekea, na nilipoingia chumbani kwake nikakiona. Kizima! Kimetundikwa juu ya godoro lake, na uzi mwekundu pembeni.

"We! Si ulisema kimechanika?"

"Ulinipa mwenyewe," akajibu, haya hana. "Na mbu wa kwetu wana meno."

Nilikivuta mpaka misumari ikang'oka. Njia nzima nilikuwa natukana: msaliti, mnafiki, nyoka! Nikafika, nikakiweka mbele ya dada. Akaushika ule uzi, akanitazama. Nikamweleza yote. Hapo matusi yote yakanirudia. Mi nilisalitiwa na rafiki. Yeye alisalitiwa na mtoto wa mama yake.

Siku chache baadaye akaja mama wa afya wa mtaa wetu, yule anayezungukia nyumba zilizofiwa na vichanga kuuliza kilichowaua, ili wengine waokolewe.

"Pole, binti yangu. Ulikuwa unalala ndani ya chandarua?"

"Apana. Kiliibwa."

"Na nani?"

Dada akanigeukia.

"Wezi wa Bwiza," akasema. "Hao hata kivuli chako wanaiba."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa ananificha, jamani! Baada ya yote, ananificha, na kwa maneno yangu mwenyewe!

"Ni mi," nikasema. "Mi ndiye niliyekichukua."

Mama wa afya akafuta alichoandika kwenye simu yake.

"Andika vizuri, mama," dada akamwambia polepole. "Jina hakupata. Apate ukweli."

Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, ananisalimia, lakini mzaha wangu hausikii tena.

Nyinyi wenzangu wa mpira, mkiona goli lina wavu mweupe mzuri, msipige kwanza. Ulizeni umetoka kitandani kwa nani!