Bibi Aliyekalia Mzigo

Jumamosi iliyopita, rafiki yangu, nilikalia sanduku la bati la binti yangu pale uani kwangu Makole, nikagoma kuinuka. Mwenye mkokoteni aliyekuja kupeleka mizigo stesheni alisimama akinitazama, majirani wakachungulia juu ya ua, na mkwe wangu, kijana mwenye adabu zake, akaanza kunisihi kwa sauti ya chini kama watu wanavyosihi wagonjwa. "Mama, treni haitatusubiri." Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa nchi hii kabla ya treni, kwa hiyo treni ndiyo inisubiri. Kila mtu alidhani uzee umenikaa vibaya.

Binti yangu na mume wake ni wauguzi. Kanisa liliomba watu wa kujitolea waende kusaidia hospitali moja ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nao wakajitokeza. Nilifurahi, maana kazi ya namna hiyo imo katika damu yetu. Walikuwa wamepanga kuniachia mtoto wao wa kike, mpaka watakapotulia huko ugenini. Mimi mwenyewe nilikwisha kubali, nikamnunulia na mkeka mpya. Lakini asubuhi ile nilimwona mtoto ameketi kizingitini na chungwa mkononi, halimenyi, halili, anatazama tu mikono ya mama yake inavyokunja nguo. Hakuwa akilia. Mtoto yule nilimfahamu vizuri sana, kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Basi nivumilie kidogo nikurudishe nyuma, enzi za Mjerumani, wakati reli ilikuwa habari tu inayosimuliwa na wapita njia.

Baba na mama walikuwa Wanyamwezi. Ujana wake baba aliutumia kuwa mpagazi wa misafara, anabeba mizigo ya watu kutoka kwetu mpaka pwani. Katika njia yote ile, alichokiogopa si simba wala mlima, bali kiu ya Ugogo. Alisimulia kwamba safari moja alianguka njiani, wenzake wakamwacha, na mwanamke mmoja wa Kigogo akamnywesha maji ya kibuyu chake mwenyewe bila kumuuliza anatoka wapi. Alipokuja kubatizwa akasema deni lile atalilipa kwa jembe. Akamchukua mama, wakaja Ugogo kuchimba visima kijiji hadi kijiji. Hawakulipwa kitu ila chakula na mahali pa kulala. Siku hizi mnaita kujitolea. Mama aliita "wazimu wa baba yako," halafu akajifunga kanga na kwenda kuvuta udongo.

Mimi nilizaliwa kwenye kisima kimoja, mdogo wangu wa kiume akazaliwa kwenye kingine. Ndivyo tulivyohesabu umri kwetu. Wenyeji husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulifika na jembe begani siku ya kwanza, na watu walishindwa watukaribishe vipi. Baba alikuwa anashuka shimoni na mtaimbo, vijana wa kijiji wanapokezana naye, na mama pamoja na wanawake wanavuta udongo kwa kikapu na kamba ya ngozi. Kazi yangu ilikuwa kumbeba mdogo wangu mgongoni na kufukuza mbuzi wasisogelee ukingo. Mbuzi wa Ugogo, rafiki yangu, hana adabu hata chembe.

Ukiniuliza mama alitulea vipi katika maisha yale ya kuhamahama, nitakwambia alikuwa na njia yake. Kila tulipofika mahali, kabla hata ya kufungua mizigo, alitafuta mwanamke mmoja mzee, akatusukuma mbele yake na kusema, "Hawa ni wajukuu zako." Si ombi, ni taarifa. Hivyo nikawa na bibi katika kila kisima. Wengine nimewasahau nyuso. Wa mwisho simsahau.

Huyo alikuwa jirani yetu katika kijiji kimoja si mbali na Chamwino ya leo. Alikuwa mjane, mrefu, masikio yake yametobolewa tundu kubwa la kupita kidole changu, na sauti yake ilisikika hadi bondeni. Tulikaa katika tembe lililopakana na lake. Tembe ni nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, na juu ya paa lile ndiko tulikoanika mlenda, ubuyu na mtama, na ndiko nilikokaa na mdogo wangu kutazama vumbi la ng'ombe wakirudi. Ndama walilala ndani pamoja nasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndama nasinzia. Asubuhi bibi alinipa maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na jioni tulikula ugali wa uwele, mweusi, na mlenda unaoteleza wenyewe bila kutafunwa. Nikimsalimu alinijibu, "Mbukwa, mke mwenzangu," ingawa mume mwenyewe alikwisha kufa kabla sijazaliwa.

Lakini jambo kubwa ni kwamba alikuwa mtani wetu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani wa zamani haukuwa maneno ya kuchekesha tu, ulikuwa sheria. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako, ukanyamaza. Bibi aliingia jikoni kwetu bila hodi, akafunua chungu, akaonja, akatangaza kijiji kizima kisikie, "Chumvi mmeisahau Tabora, Wanyamwezi?" Mama naye akamjibu, "Nyamaza, Mgogo, hata mbuzi wako amekushinda adabu."

Siku moja bibi alichukua mwiko wa mama, mwiko mzuri wa mninga uliotoka nyumbani kwao, akautundika ukutani kwake. Mama hakukasirika, maana kumkasirikia mtani ni aibu. Kuanzia siku hiyo, kila jioni maji ya ugali yalipochemka aliniambia, "Nenda kaazime mwiko wetu." Nami nilikwenda kupiga hodi, "Bibi, mama anaomba kuazima mwiko." Bibi alinikabidhi kwa maringo ya mwenye mali. "Mwambie asimwazime mtu mwingine. Si wake huo." Na kweli, siku jirani mwingine alipouomba, mama alikataa. Alisema mwiko si wake.

Kisima kilipokuwa kimefika mbali, na baba akitoka shimoni ana udongo wenye unyevu kwenye nyayo, alikuja mwalimu kutoka kituo cha misheni. Alikuwa mtu mwema, sikufichi. Alileta habari kwamba kisima kinachofuata ni mbali sana, kaskazini kuelekea Usandawe, pori tupu katikati, maji ya kubahatisha. Kisha akanitazama mimi. Akasema mtoto wa rika langu si wa kuburuzwa porini kama kibuyu, kituoni kuna nyumba ya wasichana na kuna shule, waniache huko, watanipitia kazi itakapokwisha. Baba alichora chini kwa kijiti. Mwishowe akasema, "Mwalimu amesema kweli. Kisima hiki kikitoa maji, tutampitisha kituoni." Mama alisonga ugali hadi ukawa mgumu kama tofali.

Toka siku ile nilikichukia kisima. Kijiji kizima kiliomba maji, ng'ombe walikuwa wamebaki mbavu, nami peke yangu niliomba mwamba. Nililala chali juu ya tembe nikijaribu kuwaza sura ya nyumba ambayo mama hayumo, sikuweza. Mdogo wangu nani atambeba? Baba akitoka shimoni nani atamletea kata ya maji? Chakula nikawa nakiacha. Bibi akaona maziwa yake yanarudi.

"Mke mwenzangu, unaumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Maziwa yangu yana uchungu?"

Nikamwambia yote, na kilio nilichokuwa nimekibana kikatoka. Hakunibembeleza. Alifuta pua yangu kwa pembe ya nguo yake, akauliza swali moja tu, "Na mama yako anataka?" Nikasema sijui, mama hasemi. Akaguna, akaenda kukamua ng'ombe.

Maji yalitoka mchana wa jua kali. Tulisikia kwanza baba akicheka mle shimoni, kicheko kimoja kikubwa, halafu kikapu kikapanda kimejaa tope jekundu linalotiririka. Vigelegele vikapasua anga. Wanawake walijipaka tope usoni, wazee wakalia, na vijana wakambeba baba juu juu kama harusi. Mimi nilikwenda kujificha kwa ndama.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ilikuwa imefungwa na kupangwa njiani. Mwalimu alikuja kutusindikiza mpaka kituoni. Kijiji kizima kilikuwa pale. Baba akainama kuchukua mzigo mkubwa, akakuta umekaliwa. Bibi alikuwa ametulia juu yake, miguu ameinyoosha, kibuyu cha tumbaku mapajani.

"Hongo," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Leo ukitamka hongo watu wanageuka kutazama kama kuna askari karibu, lakini zamani hongo ilikuwa kitu cha haki, ushuru ambao misafara iliwalipa watemi wa Kigogo ili ipite na kunywa maji. Mjerumani alikuwa ameikomesha. Baba aliilipa mara nyingi siku za upagazi wake, naye akacheka kuliko wote.

"Mtani, hongo ilikwisha. Nenda boma ukaulize."

"Boma halijakalia mzigo wako. Nimekalia mimi."

Baba akatoa tumbaku. Bibi akatikisa kichwa. Akatoa kipande cha chumvi, kisha kitambaa kipya alichopewa na kijiji. Bibi akavitazama kama takataka. Kicheko kikaanza kupungua, watu wakitaka kujua mwisho wake.

"Sasa unataka nini, Mgogo wewe?"

Akanyoosha kidole. "Namtaka huyu."

Nilimpenda bibi, lakini sikutaka kubaki hata kwake. Nilimtazama mama. Mama alikuwa amemkazia macho bibi, mkono mdomoni, na nikaona kitu kinaanza kumpambazukia kabla hakijampambazukia mtu mwingine yeyote.

"Chukua, mtani," mama akasema haraka, baba hajafungua kinywa. "Ni wako."

Bibi akanishika mkono, akanivuta mpaka magotini pake, akanigeuza niwatazame. "Mmesikia nyote? Huyu ni wangu. Sasa mimi ni mzee, meno sina, mtoto anataka kutafuniwa. Nawaazima ninyi mnitunzie." Kisha sauti yake ikapanda, ikafika bondeni. "Lakini ole wenu nisikie mmemwazima mtu mwingine!"

Baba alimtazama bibi, akamtazama mama, ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka huku anacheka. Kisha akamgeukia mwalimu, akakuna kichwa. "Mwalimu, unaona mwenyewe. Mtoto si wangu. Nimeazimwa tu."

Mwalimu, ambaye alikuwa Mgogo naye na sheria ile aliijua, alikunja uso apate kukasirika, akashindwa, akacheka. Baadaye alinitumia kitabu cha kusomea, na baba akanifundisha herufi zote kwa kuandika mchangani. Bibi akainuka juu ya mzigo akijipangusa vumbi. Sijui nikueleze vipi nafuu ile. Miguu yangu ilikuwa myepesi, nikambeba mdogo wangu nikatangulia mbele ya wote, naimba, mpaka baba akaniambia nitunze pumzi. Njia ya Usandawe ilikuwa ndefu na kavu kama mwalimu alivyosema. Kiu tuliipata na simba tuliwasikia. Tulikuwa wote wanne.

Usidhani utani ule uliishia pale. Nilipoposwa, miaka mingi baadaye, baba aliwaambia wakwe wasubiri, mwenye mali hajaulizwa. Akatembea mpaka kwa bibi, akamkuta yu hai, haoni vizuri. Bibi akakubali kwa masharti mengi ya matusi, kisha akautungua ukutani ule mwiko wa mninga, akasema nipelekewe, ila niambiwe kwamba ni wa kuazima.

Basi Jumamosi ile nilipokalia sanduku, binti yangu alinitazama kwa muda. Hadithi hii ameinyonya pamoja na maziwa. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Hongo," nikasema.

"Mama, tafadhali," mkwe wangu akaanza, lakini mkewe akamshika mkono.

"Unataka nini, mama?"

Nikamnyooshea kidole mtoto pale kizingitini. Binti yangu akapiga magoti mbele ya sanduku, mbele ya mwenye mkokoteni na majirani wote, akasema huku analia, "Mchukue, mama. Halafu tuazime."

Nikawaazima. Mtoto akaanza kumenya chungwa.

Kisima cha baba kimefukiwa, pale wamepitisha bomba. Tembe la bibi limerudi kuwa udongo. Vijana wananiambia utani ni mambo ya kizamani, na ukichukua mwiko wa jirani leo utaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Treni iliondoka nao wote watatu. Nilirudi nyumbani nikaukunja mkeka mpya nikauweka juu ya kabati. Jioni nikautoa mwiko, nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikakaa kula katika kimya ambacho sikuwa nimekizoea. Hapo tu ndipo nilipofahamu bibi alirudi ndani kwake na upweke gani, siku ile, baada ya kuinuka juu ya mzigo wetu. Naye asubuhi ile alikuwa amekamua maziwa ya mtu wa pili.