Mezani kwa Wamarekani Mimi ni Dada wa Mume Wangu

Admin, naomba unifichie jina, maana hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma tunajuana hata kwa kukohoa. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka sita. Kwetu ni Sudan Kusini lakini nimekulia hapa kambini, na Kiswahili nimekisomea hapa hapa. Nauza chai na mandazi. Msinionee huruma kwa hilo, chai yangu ni nzuri.

Mume wangu alinioa kwa mila zetu, na kanisani tukaombewa. Lakini faili lake la kwenda Marekani lilifunguliwa kabla hatujaoana, akiwa kijana asiye na mke. Watu wa kambi mnajua mambo hayo, ukiongeza mke faili linarudi nyuma miaka. Akaniambia, "Wacha nitangulie vile nimeandikwa. Wewe ukihojiwa sema mimi ni kaka yako, watakuleta mji nilipo. Tukishakutana nani atatuuliza?" Niliona ni akili. Nusu ya wanawake wa block yetu wana kaka wa aina hiyo. Akaondoka mtoto akiwa bado ananyonya. Nami siku yangu ikafika, nikahojiwa, nikasema yeye ni kaka na baba wa mtoto alikufa, nikapita.

Novemba mwaka jana, 2012, akanipigia simu niende cyber na mtoto Alhamisi jioni, tuvae vizuri, atuonyeshe sikukuu yao kwa video. Alisema ni siku ambayo familia za Wamarekani hukutana kula na kumshukuru Mungu kwa mwaka mzima. Nikamsuka mtoto, nikampaka mafuta mpaka akang'aa. Huku ilikuwa saa mbili usiku, kwao mchana.

Picha ikafunguka. Meza ndefu, wazungu wazee kwa vijana, na katikati bata mzinga aliyechomwa mzima, mkubwa kama mbuzi mchanga. Kulikuwa na viazi vya kuponda, na kitu chekundu kama jamu ambacho, nawaambia ukweli, wanakula na nyama. Nikacheka. Mume wangu alikuwa amenenepa. Kando yake mwanamke mweupe, mjamzito, amemshika bega. Mwanamke huyo akanipungia mkono, akaniita dada.

Kumbe wana desturi, hakuna anayegusa chakula mpaka kila mtu aseme anashukuru nini, wanazunguka meza mmoja mmoja. Mzee mmoja alishukuru kwa goti lake kupona. Kijana akashukuru kwa mbwa wake. Mbwa! Ikafika zamu ya yule mwanamke. Kiingereza nakielewa, sikuhitaji mkalimani. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa mume wangu, kwa mtoto wetu anayekuja, na kwa wifi yangu huyu aliyemlea mume wangu kambini baada ya wazazi wao kufa." Machozi yakamtoka. Wote wakaniangalia kwa upole.

Mwanangu anamjua baba yake kwa picha na kwa sauti ya simu. Akachagua saa hiyo kupiga kelele, "Baba! Baba, mimi niko hapa!" Wakauliza mtoto anasema nini. Mume wangu hakutetereka. Akawaambia kwamba kwetu mjomba huitwa baba, ni heshima. Walifurahi sana, mama mkwe wake akasema mila zetu ni nzuri. Kisha mume wangu akanigeukia akitabasamu, akaongea kwa lugha yetu kama mtu anayenisalimia, "Ukiharibu hii meza hampandi ndege. Wewe na huyo mtoto mtazeekea kwa hiyo vumbi. Sasa ni zamu yako. Shukuru."

Jamani, nilishukuru. Kwa Kiingereza changu cha darasa la nane nikasema namshukuru Mungu kwa kaka yangu. Wakapiga makofi. Nilijichukia, na mpaka leo najichukia.

Halafu wakala. Sijui walisahau kuzima au waliona ni ukarimu tukae nao. Kompyuta yao ilikuwa pale pale mezani, tukawa tunawatazama wakitafuna. Mwanangu akaniuliza kama baba atatubakizia. Mwenye cyber, Msomali mmoja mpole, akaja akasema, "Mama, dakika imeisha. Lakini kaa tu, silipishi." Nikamwambia azime.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Lodwar kwa dada wa damu wa mume wangu, ameolewa huko na mfanyabiashara. Nilidhani atalia na mimi. Alinipa soda baridi akasema, "Picha za harusi mimi nilionyeshwa zamani. Sasa wewe unataka nini? Umebadilishwa jina tu, hujafukuzwa. Enda, funga mdomo, mtoto asome. Ama unataka kuuza mandazi mpaka ufe?" Nilimaliza soda yake maana jua lilikuwa kali, nikarudi Kakuma.

Yule mwanamke ameshajifungua mvulana. Majina yetu yamebandikwa ubaoni, tunasubiri ndege. Mume wangu anapiga simu kila Jumapili, si kwangu, kwa mtoto. Anamuuliza, "Mimi ni nani?" Akijibu mjomba anaahidiwa baiskeli. Akikosea simu inakatwa, naye analia mpaka hataki kula. Wiki hii jirani alimuuliza baba yake yuko wapi. Nilikuwa nakoroga chai, nikatega sikio. Akajibu haraka haraka, na furaha usoni, "Baba alikufa. Lakini niko na mjomba Marekani, ataninunulia baiskeli."

Nikisema ukweli ofisini, safari inafutwa, na mwanangu atakulia hapa nilipokulia mimi. Nikinyamaza, ataishi karibu na baba yake, atakula naye meza moja, akijua baba yake ni maiti. Wa kunitukana mnitukane, nimezoea. Lakini mwenye mtoto aniambie: nimpandishe hiyo ndege, ama nibaki naye hapa nimwambie baba yake yuko hai?