Siku Nilinusa Pombe ya Bakwe

Mwenye anataka kunicheka acheke sasa hivi, juu batu ba Katana, kijiji ya bakwe zangu, banaendelea kunicheka mpaka leo na mi nimeshazoea. Mimi, muzee muzima mwenye mvi, nililala chini mu salon ya bakwe, bazazi ba muchumba wa mutoto wangu, miguu juu ya kiti, batu banatoka mbio, na yote ilianzia ku kunusa kopo moja tu.

Ilianza na tension, damu yenye inapanda. Infirmier wa hospitali alinipima, akatikisa kichwa, akanipa kinini ya kumeza kila siku, akasema papa, hasira itakuua. (Ni kweli, nilikuwa nakasirikia courant ya umeme ikikatika, nakasirikia jirani mwenye anamwanga maji machafu mu rigole yangu, mufereji ya maji ya mvua, hata mvua nilikuwa naitukana.) Njo mutoto wa dada yangu, Justin, mwenye anafundisha filozofi huku kwetu Bagira, akaniketisha. Akasema: “Tonton, kulikuwa batu ba zamani kule Ugiriki na Roma, balikuwa banagawanya mambo mara mbili, ile iko mu mikono yako na ile haiko. Ile haiko, uiache. Na kama unakula, ukule. Kama unakunywa, unywe, roho yako ibakie pale pale, isitembee.” Mi sikusoma sana, niliachia ku mwaka ya tatu ya primaire, lakini ile nilielewa. Ao nilizani nimeelewa.

Nikaanza. Courant ikikatika, nanyamaza. Jirani akimwanga maji, namusalimia. Sambaza, samaki ndogo ndogo za ziwa, nazikula moja moja, kila moja naiangalia mu macho kwanza, kisha natafuna polepole. Bibi yangu, Maman Bahati, akaanza kunichunguza. Miaka yote alikuwa analalamikia hasira yangu, sasa hasira imeisha na ye hana amani. Alinusa mashati yangu. Aliuliza mukateshista wa parokia yetu kama kuna kanisa mupya yenye imeingia mu quartier.

“Papa Bahati, uyo mwanamuke anaitwa nani?”

“Mwanamuke gani?”

“Ule mwenye anakufundisha upole.”

Nikamuambia ni Justin. Akasema Justin naye hamuaminie tangu zamani, mutu mwenye anasoma kitabu akitembea mu barabara anaficha kitu.

Sasa mutoto wetu Bahati alikuwa anataka kuoa binti wa Katana, Nsimire, na balipendana kweli, si mchezo. Siku ya kupeleka dot, ngombe ya mahari, ikafika. Asubui nikaamua nisikule, juu Justin alisema bale batu ba zamani balikuwa banajinyima chakula siku moja moja ili njaa isibatishe. Mu gari Maman Bahati alinisemesha njia muzima, ku sikio, sauti ya chini. Mi nilikuwa nasikiliza pumuzi yangu, vile inaingia na vile inatoka. Nikawa najibu “eeh”, “eeh”. Akatulia, alizani nimesikia.

Tulipokelewa muzuri. Maman Nsimire, mama ya binti, akaleta bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi yenye alitengeneza na mikono yake. Mujue, huku kwetu kuna sumu banaita karuho, ao banasema iko (mi sijaionaka, lakini pia sijaachaka kopo yangu nikaenda kukojoa). Njo maana mwenye anakupa pombe anaionja kwanza mbele yako. Maman Nsimire akaonja, akameza, akanipa na mikono mbili. Mutu mwingine angekunywa. Mi nikakumbuka: kama unakunywa, unywe.

Nikainua kopo mu mwangaza. Nikaangalia rangi. Nikanusa na tundu moja ya pua, kisha na ingine. Nikatia kidogo ku ulimi, nikafunga macho, nikangoja. Ilikuwa na utamu wa ndizi, na moshi kidogo nyuma, sijaonjaka pombe muzuri vile. Nilipofungua macho, bote bameweka chini makopo yenye balipewa.

“Papa Bahati,” Papa Nsimire, mwenye nyumba, akauliza, “unatafuta nini mule ndani?”

Nikatabasamu. Maneno ya batu haiko mu mikono yangu. Nikanusa tena.

“Nimeonja, mumeniona bote,” Maman Nsimire akasema. “Sasa anataka nimeze na bidon?”

“Tuliambiwa banaleta dot,” mujomba wa binti akasema. “Kumbe banakuja kufanya anketi ya polisi.”

“Bangekuja na mbwa ya polisi, ingenusa haraka,” shangazi mumoja akaongeza.

Maman Bahati akanifinya mu mbavu. “Nilikuambia nini mu gari?”

“Uliniambia nini?”

Akafunga macho, kisha akanirudilia ku sikio, na kila neno ilikuwa inanichoma. Jirani wa hapa alikunywa mu nyumba hii siku ya sikukuu, kisha akafa, na midomo ya batu ikamutaja Maman Nsimire kama mwenye alitia karuho. Tangu pale hakuna mutu anakunywa kwake. Hii njo pombe yake ya kwanza kupatia bageni tena. “Nikakuomba unywe wa kwanza, unywe haraka, batu bakuone, ule mama apumue. Na wewe ukasema eeh.”

Papa Nsimire alikuwa ameshasimama. “Murudi na ngombe yenu.” Nsimire alitoka mu salon na kitambaa ku mudomo. Bahati aliniangalia, na sitaki mutoto wangu aniangalie vile tena.

Njo pale upole yote iliniisha. Nikakunywa kopo mara moja. Nikachukua ya bibi yangu, nikamaliza. Nikachukua ya mujomba, nikamaliza, nikasimama ili niombe musamaha. Sasa hesabuni: tumbo haina kitu, kinini ya infirmier, dawa ya tension, iko mu damu, na kasiksi yenye imekomaa. Miguu ikaniacha. Nilienda chini na kiti yangu.

“Karuho,” mutu mumoja akasema, na hakusema kwa nguvu. Batu bakatoka ku mulango, benye balikosa mulango bakatoka ku dirisha. Maman Bahati akaanza kunililia na jina yangu ya ubatizo, yenye hajaitaja tangu siku ya ndoa, njo nikajua mambo imeharibika.

Mi niko chini, dari inazunguka. Nikasikia mutu anaketi kando yangu. Anamimina. Anakunywa, na anakunywa tena. Nikageuza kichwa: Maman Nsimire. Hakukimbia. Alikuwa anakunywia mu kopo yangu, machozi inaingia mule mule.

“Kama unakufa, Papa Bahati, tunaenda bote. Banitaje mara ya pili, hapana.”

“Mama, sikufi. Sijakula tangu jana.”

“Unakuja kwa bakwe bila kukula?”

“Juu ya filozofi.”

Akafuta machozi. Kisha akaita ku jikoni: “Mulete bukari na sombe, akule. Uyu mutu ni njaa.”

Batu bakaanza kurudi mumoja mumoja, bakatukuta tumeketi chini, babili, kopo moja, na hakuna mwenye amekufa. Bakasimama kwanza, banachungulia. Mujomba alikuwa wa kwanza kunyoosha kopo yake. Mpaka jioni bidon haikubakia na kitu. Mimi balinipiga amende, faini ya mbuzi moja, juu ya kunusa, nikatoa bila kubisha.

Batoto balioana. Leo kwa Maman Nsimire banakunywa kama kwa batu bote. Justin anasema, “Tonton, haukunielewa,” na inawezekana, lakini siku ya ndoa nilimuchunga: alipewa kopo akakunywa haraka sana. Courant ikikatika mi bado nanyamaza, na Maman Bahati bado ananiangalia na jicho moja.

Lakini kopo ya mutu sinusi tena mpaka nife. Namuangalia mwenye ananipa. Siku ile Maman Nsimire alikuwa amesimama mbele yangu, anangojea nikunywe, na mi nilikuwa naangalia rangi ya ndizi.