Nilimfunga Shemeji Kitambaa Machoni, Mama Akiwa Nyuma ya Mkorosho

Kosa ni langu. Si la shemeji, si la mama, wala si la kile kitambaa, ingawa dada amekitupa darini na hataki kukiona tena.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, hapa Kibiti. Mtu akinisalimia mbele za watu najibu kwa kichwa. Kuandika naweza, kusema ndiyo shida. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi msionijua. Mngekuwa mbele yangu, saa hizi ningeshakimbilia jikoni.

Siku ya Idi pili tulikwenda pikiniki shambani kwa Bibi, upande wa kwenda Ruaruke. Neno pikiniki lililetwa na dada yangu, aliyeolewa juzijuzi tu. Bibi, mama yake baba, akasema yeye amekula shambani maisha yake yote na hakuna hata siku moja aliyoambiwa kwamba ile ni pikiniki.

Tulibeba kila kitu. Mikeka, sufuria la pilau, kambale wa kukaanga, juisi ya ukwaju, magunia ya mbio na kamba ya kuvutana. Shemeji alikuja na pikipiki yake kutoka kwao Chumbi, anakolima mpunga. Ni mtu mpole, mwenye haya karibu sawa na mimi, na pikipiki yake anaifuta vumbi kila inaposimama.

Sasa kwetu, kwa wasiojua, mwanamume na mama mkwe wake hawachezi pamoja. Hamtazami usoni, hali naye sinia moja, na wakikutana njiani mmoja anachepukia majanini mpaka mwenzake apite. Lakini na bibi wa mkewe ni watani. Bibi anamwita shemeji "mume wangu" na shemeji anamwita Bibi "mke wangu mkubwa", na wanatukanana kutwa nzima bila mtu kukasirika.

Kwa hiyo mikeka ilitandikwa kwa akili. Wa mama ulikuwa nyuma ya mkorosho mmoja mnene, karibu na mafiga. Wa shemeji na baba ulikuwa huku mbele. Dada akaninong'oneza, "Wewe ndiye jicho langu leo. Hawa wawili wasigongane." Nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu.

Michezo ilianza vizuri. Watoto wa mjomba walikimbia kwenye magunia, wakaanguka kama viroba vya mpunga. Katika kuvuta kamba, upande wa Bibi ulishinda kwa sababu Bibi aliifunga ncha ya kamba kwenye mti na hakusema. Kisha tukakimbia na ndimu kwenye kijiko. Ndimu yangu ilianguka hata kabla sijapiga hatua.

Na aliyeshindwa ndimu ndiye anayefungwa kitambaa kwenye kipofu.

Kipofu chetu ni hivi. Unafungwa macho, unazungushwa, unamsaka mtu. Ukimshika unampapasa uso na kumtaja jina. Ukikosea, unasimama katikati na kuimba mpaka watu waseme basi.

Kuimba! Mimi! Mbele ya wajomba, mashangazi, na wale binamu wa Ikwiriri wanaorekodi kila kitu kwa simu!

Nikaangaza huku na huku, nikamwona shemeji kasimama pembeni akitabasamu peke yake, hana kazi. Nikamfuata, nikamnyooshea kitambaa. Nikamwambia kwa sauti yangu ile ndogo kwamba zamu ni yake.

Akarudi nyuma hatua. "Mama yuko wapi?" akaniuliza.

Mama alikuwa nyuma ya mkorosho, anapalia makaa juu ya mfuniko wa pilau. Nilimwona kwa macho yangu haya. Ukingo wa kanga yake ulikuwa unaonekana.

Nikasema, "Kaenda kisimani."

Sijui ulimi ule ulitoka wapi. Mtu asiyeweza kuomba chumvi mezani nimedanganya bila hata kukwama!

Shemeji akaniamini. Akainama, nikamfunga, nikakaza. Watoto wakamzungusha, akaanza kuyumba huku na huku mikono mbele, watu wanacheka. Mama naye, vumbi la watoto likawa linaruka kuelekea kwenye pilau, akaona haliwezekani. Akatoka nyuma ya mti na upawa mkononi, aje kuwafukuza watoto upesi na kurudi. Alijua shemeji yuko mkekani na baba, kwa sababu ndiko alikotakiwa kuwa.

Shemeji akamdaka.

Watu wote wakanyamaza. Mama akawa kama nguzo. Ningeweza kupiga kelele wakati ule, ningeweza kusema neno moja tu, lakini nikainama kama natafuta ndimu yangu. Shemeji naye kimya kile akakiona ni ujanja wa wachezaji. Akapanda na mikono yake mpaka usoni, akapapasa kidevu, akapapasa mashavu, akayavuta kidogo.

"Huyu namjua," akasema kwa furaha. "Ni mke wangu mkubwa. Mashavu yamelegea haya kama mkoba mtupu."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Bibi, aliyekuwa upande wa pili anatafuna kambale, akasema polepole, "Mume wangu, mbona mimi niko huku."

Shemeji akavuta kitambaa. Akamwona mama. Mama akamwona yeye.

Jamani, nimeshaona mbuzi aliyekatika kamba, nimeshaona mwanafunzi aliyesikia mwalimu anakuja, lakini sijaona mtu kukimbia vile. Alipita katikati ya mihogo, ndala moja ikabaki, akatokea barabarani, akapotelea huko. Pikipiki aliisahau! Mama akajifunika kanga uso mzima, akarudi nyumbani kwa miguu. Pilau ikaungua mpaka kwenye mfuniko, tukala ukoko, na hata wale binamu hawakutoa simu.

Nilidhani kesho yake shemeji atakuja kumchukua dada, aliyerudi nasi nyumbani. Hakuja. Simu yake ikawa haipatikani. Baba aliikokota pikipiki mpaka uani kwetu, na kuku mmoja akaanza kutaga juu ya kiti. Dada akawa anaamka asubuhi, anavaa vizuri, anakaa kibarazani na begi lake miguuni mpaka jua linazama.

Mtaani wakaanza kusema ameolewa na amesharudishwa. Jirani mmoja akaja kuazima kinu ambacho anacho kwake, ili tu aone kama begi bado lipo. Dada alikuwa analia akipika na akisema shemeji kamdharau mama kwa makusudi, la sivyo angeuliza kwanza mama yuko wapi, na mtu mwenye adabu lazima aulize.

Na aliuliza! Mimi ndiye niliyejibu! Nilikuwa nakaa pale nachambua mchele, nachagua mawe, nasikia yote. Kila usiku nilijiambia kesho nitasema. Kila kesho nikachambua mchele mwingine.

Mwishowe shemeji akaja, kaongozana na baba yake mdogo, na jogoo, na doti ya kanga iliyofungwa kwenye gazeti. Wakakaa barazani na baba na Bibi. Mama alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, maana ilikuwa haifai waonane. Nikatumwa nipeleke maji.

Nikiwa na sinia mkononi, baba akamuuliza shemeji, "Baba, ulipofungwa kile kitambaa ulijua mkweo yupo pale?"

Shemeji akainua macho, akanitazama mimi. Kisha akatazama chini.

"Nilijua, baba. Nimekosa, naomba radhi."

Alikuwa ananifichia. Mtu anakubali kuitwa hana adabu mbele ya baba yake mdogo, ili mimi nisiulizwe swali! Nikaweka sinia chini.

"Hakujua," nikasema.

"Sema tena," baba akasema. "Hatukusikia."

"Hakujua. Nilimwambia mama yuko kisimani."

"Yuko wapi?" Bibi akauliza, mkono sikioni.

"Nilidanganya!" nikapiga ukelele. "Nilimwona mama, nikasema yuko kisimani, kwa sababu sikutaka kuimba!"

Nadhani barabara nzima ilisikia. Jirani wa kinu hakika alisikia, maana alikohoa.

Dada, pale mlangoni, alinitazama kwa jicho ambalo sitalisimulia. Kisha pazia likatikisika.

"Mwambieni huyo kijana," mama akasema kutoka ndani, "kushikwa nimesamehe. Lakini hayo mashavu aeleze."

Bibi akamgeukia shemeji, aliyekuwa kakaa hatua tatu tu kutoka pale. "Unaulizwa habari ya mashavu."

Shemeji jasho likamtoka. Akasema mama aambiwe kwamba mikono ilikuwa na mafuta ya kambale, haikuhisi sawasawa. Nyuma ya pazia tukasikia mama anajizuia, anajizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Na mimi je?" Bibi akasema. "Kumbe mkoba mtupu ni mimi?" Akafungua lile gazeti, akachukua kanga moja ya ile doti, akajitanda, shauri likaisha.

Dada akaondoka jioni ile nyuma ya pikipiki, na yai mkononi. Mimi hajanisemesha vizuri mpaka leo. Shemeji akija, huzima pikipiki mbali na kuniuliza mama yuko wapi. Nikisema kisimani, haingii. Anasubiri mama arudi na ndoo. Hata ikiwa kweli.

Nanyi mnaopanga michezo ya sikukuu, kabla ya kumfunga mtu kitambaa zungukeni mikorosho yote. Na zamu ikiwa yako, jifunge mwenyewe, ukosee, uimbe, uchekwe, uende ukale. Mimi nilikwepa kuimba mbele ya ndugu zangu, nikapiga kelele mbele ya koo mbili na jirani wa kinu. Na Idi ijayo, baba ameshasema, wa kwanza kuimba ni mimi.