Sakafu Nyeupe Iliyowaweka Majirani Uani

Juma lililopita, nikingoja lori Hedaru, niliambiwa kwamba rafiki yangu wa milimani juu ya Same amefariki. Nilihuzunika, kisha nikakasirika, na hasira haijanitoka. Marehemu alikuwa mkulima hodari wa kahawa. Siku moja aliona sakafu ya vigae nyumbani kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali, naye akaagiza vyake kutoka Tanga. Majirani walivipandisha mlimani kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja isiyo na ujira, huku wakiimba.

Vigae havikuwa na neno. Balaa ilikuwa saruji nyeupe iliyojaza mianya kati yake, na udongo wetu mnaujua ulivyo mwekundu. Kila jioni alipiga magoti akaisugua mistari ile kwa limau na majivu. Kadiri alivyosugua ndivyo saruji ilivyolika, na vishimo vikazidi kushika uchafu. Nilimwonya kwamba limau linakula saruji. Akasema mzururaji kama mimi najua nini habari za nyumba. Safari yangu ya mwisho kwake nilipiga hodi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Vua viatu.”

“Nimevua.”

“Na hiyo miguu je?”

Mkewe akadakia, “Baba watoto, mwache aingie! Tangu lini mwanamke mwenzangu ameketi humu?” Majirani walikwisha kuzoea kusalimia kutoka uani, na wengine waliacha kabisa kuja.

Nimesimuliwa kwamba baadaye aliugua homa, na asubuhi ilipomzidia, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mkewe akapiga yowe, na majirani wakafika mbio na machela ya kumshusha hospitalini Same. Wakasimama uani! Huyu anatafuta maji ya kunawa miguu, yule anahangaika na kamba za viatu, mwingine anasema, “Tangulia wewe, mimi nina matope.”

“Ingieni, jamani! Mtu anakufa!” mkewe akalia.

Wakaingia kwa ncha za vidole, wakikwepa ile mistari. Alikata roho njiani, kabla hawajafika tambarare. Sisemi kuchelewa kule ndiko kulikomuua. Homa ina mambo yake. Lakini mjane atajiuliza swali hilo maisha yake yote, na hakuna wa kumjibu. Siku hizi kila aliyeuza kahawa vizuri anataka nyumba ya kutazamwa. Haya, mwenye kujenga na ajenge, aweke na vigae akipenda, ila awazoeze majirani kuingia na matope yao angali mzima.