Walipoizamia Pete Yangu

Msinicheke kabla sijamaliza. Shemeji Marwa, kaka wa mke wangu, aliniachia gitaa lake la umeme, lile lenye uwazi ndani na matundu mawili kifuani. "Piga, ila usilifungue," alisema. Nikalifungua. Sauti yake ilikuwa nzito mno, na nilikuwa nimepata pikapu nyingine, zile sumaku za kudaka sauti ya nyuzi, kutoka gitaa bovu.

Nikilehemu waya huwaga navua pete ya ndoa na kuiweka karibu. Nilipomaliza, pete haipo. Ningesema nini, na kazi yenyewe ilikuwa ya siri? Nikamwambia mke wangu imenitoka nikioga ziwani, Mwisenge.

"Imetokaje?"

"Povu la sabuni."

"Sabuni ipi? Mwezi mzima dukani hakuna."

Nikashikilia hapo hapo. Kesho yake Marwa na wadogo zake wawili walizamia asubuhi nzima. Mimi nilisimama ufukweni nikiwaelekeza, "Hapo! Hapana, sogea kidogo." Marwa akatoka na sikio linamuuma.

Jumamosi bendi yetu ikapiga muziki harusini Bunda, ukweni kote wamekaa mbele. Kila wimbo ukiisha, kitu kinagonga ndani ya gitaa. Marwa akapanda jukwaani, pamba bado sikioni, akalichukua, akaligeuza, akalitikisa. Pete ikadondoka, ikabingirika hadi miguuni pa mke wangu.

Marwa akatoa pamba taratibu, akashika maikrofoni.

"Shemeji, kumbe ziwa liko humu."