Mbao ya Enjenieri Nyuma ya Jikoni Yangu

Nyumba yetu ya Kalemie ilikuwa karibu kabisa na reli, na mimi nilipenda kujua kila kitu ya reli. Mawe ile ya chini ni ya nini? Masomo sikufika mbali, lakini macho ninayo!

Mwaka moja, wakati wa Zaire, wakati kila muntu aliitwa "sitwayen", ni kusema raia, mvua ilikula udongo chini ya reli. Wakubwa wa reli wakatuma enjenieri kijana, alitoka tu kusoma, atafute fasi ya kupitisha mufereji. Upande moja, mapapai ya jirani. Upande ingine, jikoni yangu mupya ya matofali!

Akasimamisha mashini ya miguu tatu, na darubini juu yake. Mwanamuke moja akachungulia mule, akakimbia: "Mule watu wanasimama kichwa chini!" Basi, wanamuke wote wakashika bikwembe, vitenge ya kiuno, na mikono. Ukigeuzwa kichwa chini, kikwembe itabakia wapi?

Musaidizi wake alikuwa na malaria. Enjenieri akaomba muntu wa kumushikia mbao ndefu yenye namba. Wote wakarudi nyuma. Nikasema: "Sitwayen, leta." Nikasimama nyuma ya jikoni, mukono moja kwa mbao, mukono moja kwa kikwembe.

Akachungulia. "Mama, hapa njo fasi ya chini kabisa. Mufereji itapita hapa."

"Juu ya jikoni yangu?"

Akaangalia tena. "Ngoja! Mbao imeinama, Mama. Ikiinama, ninasoma namba kubwa, na udongo unaonekana uko chini kuliko vile uko. Shika na mikono mbili."

"Na kikwembe?"

Mama-mukwe wangu, aliyekuwa anatucheka kwa mulango, akavua kitambaa ya kichwa, akanifunga nayo kiuno mpaka pumzi ikakatika. "Sasa hata akutundike kama popo, hautavuliwa. Linda jikoni yetu!"

Nikanyoosha mbao. Enjenieri akapima, akapima tena. "Hapa kwako iko juu, Mama. Maji itaenda kwa mapapai."

Nilirukaruka! Nikamupa mama-mukwe mbao, nikakimbia kuchungulia kwa darubini. Mama-mukwe huyo, miguu juu, na kikwembe yake haikusogea!

"Namna gani, sitwayen?"

"Ni vioo, Mama. Vinageuza picha, havigeuze muntu."

Mvua kubwa ilipokuja, tulisimama kwa mulango wa jikoni tukiangalia maji inakimbia kwenye mufereji mupya, na treni ya Kabalo ikapita polepole. Jirani akapiga kelele kule kwake: "Mama, mungefunga ile kikwembe bila kukaza, mbao ingeinama, na mapapai yangu ingebakia!"